Uzi: Seva za ESXi zilizo ndani ya ESXi zinagoma kuufikia mtandao wa hifadhi wa iSCSI

#1 FundiSeva_Dar

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwani nimeona humu kwamba anayeleta tatizo nusu hupewa jibu nusu.

Nina seva moja kuukuu, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yenye prosesa mbili na RAM ya GB 128, na juu yake nimeweka ESXi 7.0, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe. Kwa kuwa sina fedha za kununua seva tatu kwa ajili ya kujifunzia, nimeamua kuunda mashine pepe (kompyuta za programu) ndani yake na kuweka ESXi nyingine ndani ya mashine pepe hizo, ili mwisho wa siku niwe na kundi la seva tatu. Seva halisi nitaiita "seva ya nje" na zile pepe nitaziita "seva za ndani", tusije tukachanganyana. Kwa sasa nimekamilisha moja tu. Nyingine mbili nitazipata kwa kuinakili. Chaguo la kuipa mashine pepe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe nyingine, lile linaloandikwa vhv.enable, nimeliwasha, na upande huo hauna shida yoyote: seva ya ndani inawaka na imeweza kuendesha Linux ndogo ndani yake.

Hifadhi iko kwenye kompyuta ya mezani yenye diski nne ninayoiendesha kwa TrueNAS, mfumo wa seva za hifadhi, ambayo inagawa diski kwa itifaki ya iSCSI (inayopitisha diski kwenye mtandao wa kawaida) kupitia anwani 10.10.20.5. Mtandao wa hifadhi uko kwenye VLAN 20 (VLAN ni mtandao uliotengwa kwa namba ndani ya swichi), na kati ya seva ya nje na TrueNAS kuna swichi ndogo ya kusimamiwa. Seva ya ndani ina kadi mbili za mtandao: vmnic0 ya usimamizi, ambayo juu yake kuna vmk0 (kadi pepe ya ESXi yenyewe, inayobeba anwani yake ya IP), na vmnic1 ya hifadhi, ambayo juu yake nimetengeneza vmk1 yenye anwani 10.10.20.11. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti, nimeiweka 9000 kila mahali.

Sasa tatizo lenyewe. Kwa vmk0 naingia, naisimamia, naipigia ping, kila kitu ni sawa. Kwa vmk1 hakuna jibu hata moja kutoka 10.10.20.5. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba seva ya nje yenyewe, kupitia kebo hiyohiyo na VLAN hiyohiyo, inaiona TrueNAS bila kikwazo. Nimesoma mahali kwamba chaguo la Forged transmits kwenye swichi pepe ya nje liwekwe Accept, nikaliweka, lakini hali haikubadilika. Leo ni siku ya tatu.

#2 KeboNyeusi

Mkuu, umehakikisha VLAN 20 imewekwa mahali pamoja tu? Wengi huiandika kwenye kundi la porti (sehemu ya swichi pepe yenye mipangilio yake) la seva ya nje, kisha huiandika tena kwenye kundi la porti la seva ya ndani, na fremu (kifurushi cha data) inatoka na lebo ambayo swichi ya nje haiitarajii. Ama nje uweke 20 na ndani uache 0, ama nje uweke 4095, ambayo kwenye swichi pepe ya kawaida maana yake ni kupitisha VLAN zote pamoja na lebo zake, kisha ndani uweke 20. Jambo la pili, pima porti ya iSCSI kwa nc -z 10.10.20.5 3260 ukiwa ndani ya seva hiyo.

#3 FundiSeva_Dar

Asante kwa kuitikia haraka. VLAN iko nje tu. Ndani ni 0. Kipimo cha nc nacho kinagoma, jambo ambalo nadhani ni la kutarajiwa ikiwa ping yenyewe haipiti.

#4 MwalimuSwichi

Ndugu FundiSeva, kabla hatujaanza kubahatisha, naomba ufanye kazi moja ya dakika tano. Fungua madirisha mawili. Katika dirisha la kwanza, ukiwa TrueNAS, endesha tcpdump -e -n arp kwenye kadi ya VLAN 20; alama ya -e ni ya lazima kwa sababu ndiyo inayoonyesha anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za kadi za mtandao. Katika dirisha la pili, ukiwa seva ya ndani, endesha tcpdump-uw -i vmk1 -n arp. Kisha piga ping kutoka vmk1 na utuletee kilichoonekana kila upande. Ongeza pia matokeo ya esxcfg-vmknic -l na esxcli network nic list.

#5 FundiSeva_Dar

Nimefanya, Mwalimu, na nimebaki nimeshika tama.

Upande wa TrueNAS naona swali la ARP likifika: nani mwenye 10.10.20.5, likitoka kwenye MAC 00:50:56:6a:1f:c2. TrueNAS inajibu papo hapo, na jibu linaelekezwa kwenye MAC hiyohiyo. Upande wa seva ya ndani naona swali likitoka, likitoka tena, likitoka tena. Jibu halionekani kabisa. Kwa hiyo jibu linapotelea njiani.

Anwani za MAC ni hizi: vmnic1 ina 00:0c:29:7d:40:b8, na vmk1 ina hiyo 00:50:56:6a:1f:c2. Kwa vmk0 na vmnic0 anwani ni moja, zimefanana herufi kwa herufi.

#6 MwalimuSwichi

Sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu, na umeifikia mwenyewe bila kujua.

Swichi ya kawaida, ile ya chuma unayoichomeka kebo, haijui lolote inapowashwa. Hujifunza: fremu ikiingia kwa porti ya tatu ikiwa na MAC fulani, inaandika kwamba MAC hiyo iko porti ya tatu, na siku fremu ya kuelekea MAC hiyo ikija, inajua pa kuipeleka, isipojua, inaimwaga kwenye porti zote. Swichi pepe ya ESXi haifanyi hivyo. Yenyewe haina haja ya kujifunza, kwa sababu haipavaiza (yaani ESXi yenyewe) ndiyo iliyoziunda kadi za mashine pepe na ndiyo iliyozipa anwani. Orodha imo mkononi tangu mwanzo. Fremu ikija kutoka nje kuelekea MAC isiyo kwenye orodha, inaitupa, wala haimwagi kokote. Kwa mashine pepe za kawaida utaratibu huu ni mzuri na ni mwepesi.

Seva ya ndani inauvuruga utaratibu huo, maana kwa seva ya nje yenyewe ni mashine pepe kama nyingine, na kadi yake inajulikana kwa 00:0c:29:7d:40:b8 tu. Lakini ndani yake umetengeneza vmk1, ambayo ESXi ya ndani imeibunia MAC yake yenyewe. Ni sawa na mpangaji aliyekaribisha mgeni bila kumwarifu mwenye nyumba: barua ya mgeni ikifika getini, mlinzi anaangalia daftari, halioni jina, anairudisha. Ndiyo maana vmk0 inafanya kazi. ESXi inapowekwa huipa vmk0 MAC ileile ya kadi ya kwanza, kwa hiyo mlinzi anadhani anampokelea mpangaji mwenyewe. Wengi huona usimamizi unapita, wakaamini mtandao ni mzima, wakaanza kuisumbua TrueNAS isiyo na kosa.

Forged transmits uliyoiweka Accept inashughulikia upande wa kutoka: inairuhusu mashine pepe kutuma fremu yenye MAC isiyo ya kadi yake. Ndiyo maana swali lako la ARP lilitoka na kufika. Upande wa kuingia unashughulikiwa na chaguo jingine, Promiscuous mode, linaloiambia swichi pepe iwapelekee walio kwenye kundi la porti fremu zote bila kuangalia daftari. Weka yote mawili Accept, na tafadhali uyaweke kwenye kundi la porti la hifadhi peke yake. Usiyaweke kwenye swichi pepe nzima, kwani hapo utakuwa umewafungulia dirisha hata wasiohusika.

#7 FundiSeva_Dar

Mwalimu, ping imepita sekunde ileile niliyobonyeza. Siku tatu!

Hata hivyo nimehamia kwenye tatizo la pili. Nimewasha adapta ya iSCSI ya programu kwenye seva ya ndani, nikaandika anwani ya TrueNAS, tageti (mlango wa iSCSI wa TrueNAS) ikaonekana, na LUN (diski inayogawiwa) ya GB 500 ikaonekana na ukubwa wake sahihi. Nikaenda kuunda stoo ya data ya VMFS6 (mfumo wa faili wa ESXi) juu yake. Kazi ikaanza, ikakaa, ikakaa, kisha ikashindwa. Kwenye vmkernel.log naona iSCSI ikikatika na kuunganika upya kila baada ya muda. Ping inaendelea kupita wakati wote huo bila kupoteza hata moja.

#8 MtuWaKilindini

Ndugu yangu, nimekuwa nikiusoma uzi huu kimyakimya kutoka Mombasa, ila hapa nimeona dalili ninayoijua kwa sura. Ping ndogo inapita, kuingia kwenye tageti kunapita, lakini data ikianza kumiminika mambo yanakwama. Kwanza nishuku MTU.

Fremu za kuingia na za kuulizia orodha ya diski ni ndogo, na zinapita hata kwenye njia ya MTU 1500. Kuandika VMFS ni jambo jingine. Seva ya ndani na TrueNAS zote zimejitangazia 9000, kwa hiyo zinapoanzisha TCP zinakubaliana vipande vya hadi baiti 8960, yaani 9000 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP. Kama kuna kifaa kimoja tu katikati ambacho bado kiko kwenye 1500, kinazitupa fremu kubwa kimya kimya, bila kumtumia yeyote taarifa, kwa kuwa swichi haina kazi ya kumwarifu mtu.

Piga hivi: vmkping -I vmk1 -d -s 8972 10.10.20.5. Alama ya -d inakataza pakiti isikatwekatwe, na 8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za IP na 8 za ICMP. Soma kosa lenyewe kwa makini. Ukiona maneno "Message too long", MTU ndogo iko ndani ya seva hiyohiyo, kwenye vmk au kwenye swichi pepe ya ndani. Ukikosa jibu tu, bila neno lolote, basi mkosaji yuko mbele ya safari.

#9 FundiSeva_Dar

Hakuna jibu na hakuna neno lolote. Kwa 1472 inapita.

Nimefuata njia kipande kwa kipande. vmk1 ni 9000. Swichi pepe ya ndani ni 9000. Swichi pepe ya nje ni 9000. TrueNAS ni 9000. Ile swichi ya chuma, nilipoifungua kwenye kivinjari, nikakuta fremu kubwa zimezimwa kwenye porti zote. Nilikuwa nimeandika hapo juu kwamba MTU ni 9000 "kila mahali". Naomba radhi kwa neno hilo.

Nimewasha, nikahifadhi, 8972 ikapita, na VMFS6 imeundwa kwa muda mfupi tu.

#10 KeboNyeusi

Hongera, mkuu, lakini nitasema jambo ambalo huenda lisipendwe. Kwa maabara ya nyumbani sioni sababu ya kuhangaika na 9000. Fremu kubwa zinapunguza kazi ya prosesa na zinaongeza kasi kidogo, hilo sibishi, lakini kwa diski nne za kuzunguka nyuma ya kebo ya gigabiti moja, hutaiona tofauti hiyo bila kipimo. Afadhali 1500 kila mahali kuliko 9000 mahali panne kati ya patano. Siku utakapobadilisha swichi, ukasahau kisanduku kimoja, utarudi humu na uzi mwingine.

#11 MtuWaKilindini

Ningekubaliana nawe kama lengo lake lingekuwa kuhifadhi picha za familia. Yeye anajifunza ili akafanye kazi kwenye vyumba vya seva, na huko ataikuta 9000. Afadhali aumie sasa nyumbani kwake.

#12 FundiSeva_Dar

Nimeinakili seva ya kwanza, nikapata ya pili na ya tatu. Nikabadilisha majina, nikabadilisha anwani za IP za vmk0 na vmk1, nikaziwasha zote kwa pamoja. Balaa. Ya pili ikiingia kwenye tageti, ya kwanza inatolewa. Ya kwanza ikirudi, ya pili inatolewa. Ping kwenye anwani za usimamizi inakatika kwa zamu kama taa za harusi. Nimezizima mbili.

#13 KeboNyeusi

Umefanya vema kuzizima, na usiziwashe tena mpaka umalize kusoma ujumbe huu, hasa kwa kuwa zote zinaishika LUN moja.

Umenakili seva pamoja na utambulisho wake wote. Kuna vitu vinne ambavyo lazima kila seva iwe navyo vyake.

MAC ya vmk0 ndiyo inayokukatia ping. ESXi huiandika kwenye usanidi wake siku ya kwanza, na hata mashine pepe mpya ikipewa kadi yenye MAC mpya, vmk0 inaendelea kushikilia ya zamani. Kabla ya kunakili, kwenye seva ya ndani unayoifanya kiolezo, endesha esxcli system settings advanced set -o /Net/FollowHardwareMac -i 1, ili kila nakala ifuate MAC ya kadi yake yenyewe.

Utambulisho wa mfumo nao umo kwenye faili la /etc/vmware/esx.conf. Ufute mstari wake kwa sed -i '/\/system\/uuid/d' /etc/vmware/esx.conf, kisha uizime mashine bila kuiwasha tena, maana ikiwaka itajitengenezea mpya na utakuwa umerudi mwanzo. Seva mbili zenye utambulisho mmoja juu ya VMFS moja ni kucheza na data.

IQN ndilo jina ambalo TrueNAS humtambulia mteja wa iSCSI, lile linaloanza na iqn.1998-01.com.vmware. Wateja wawili wakija na jina moja, tageti inadhani ni mteja yuleyule aliyekatika na kurudi, hivyo inaifunga ile ya kwanza ili impokee. Hiyo ndiyo zamu unayoiona. Ingia kwenye mipangilio ya adapta ya iSCSI ya kila nakala, uipe jina lake.

Jambo la nne ndilo linalowaponyoka hata wanaojua hayo matatu. FollowHardwareMac inaisaidia vmk0, lakini vmk1 haina kadi inayoifuata; MAC yake ilibuniwa na kuandikwa, na kila nakala inaibeba. Kwa hiyo kiolezo kisiwe na vmk1 kabisa. Kiache kikiwa na vmk0 tu, nakili, kisha utengeneze vmk1 kwenye kila nakala. Nilijifunza hilo usiku mmoja ambao sitaki kuusimulia.

#14 MtuWaKilindini

Kwa kuwa FundiSeva sasa atazitengeneza vmk1 upya, naomba nilete hoja ambayo nimeishikilia tangu ujumbe wa sita.

Dawa ya Mwalimu ni sahihi, lakini ina gharama. Ukiwasha Promiscuous mode kwenye kundi la porti lenye seva tatu za ndani, kila fremu ya iSCSI inayoelekea seva ya kwanza inanakiliwa pia kwa ya pili na ya tatu, ambazo zinaipokea, zinaiangalia, zinaitupa. Kwa mtandao wa usimamizi hutaihisi. Kwa mtandao wa hifadhi, ambao ndio wenye mzigo mkubwa kuliko yote, unaiuzia prosesa ya seva ya nje kazi mara tatu.

Na ukiangalia vizuri, kwenye mtandao wa hifadhi hatuihitaji. Tatizo lote ni kwamba MAC ya vmk1 haifanani na MAC ya vmnic1. Tuzifananishe. ESXi inakuruhusu kuchagua MAC unapotengeneza vmk kwa amri:

esxcli network ip interface add -i vmk1 -p Hifadhi-A -m 9000 -M 00:0c:29:7d:40:b8

ambapo hiyo MAC ni ya vmnic1 ya seva hiyohiyo, kama inavyoonekana kwenye esxcli network nic list. Kisha uipe anwani:

esxcli network ip interface ipv4 set -i vmk1 -I 10.10.20.11 -N 255.255.255.0 -t static

Kwenye seva yako ya kwanza utalazimika kuifuta kwanza vmk1 ya zamani, na kama umeifunga kwenye adapta ya iSCSI, ifungue huko kabla ya kuifuta. Baada ya hapo rudisha Promiscuous mode kwenye Reject, na hata Forged transmits, kwa kundi hilo la porti. Kwa maneno ya Mwalimu, mgeni anaingia kwa jina la mpangaji.

#15 MwalimuSwichi

Nimelipenda hili, na nakiri kwamba nilikimbilia dawa niliyoizoea. Nitaongeza masharti yake ili asije mtu akaitumia mahali pasipofaa.

Kwanza, hii inafaa pale ambapo vmk moja imekaa juu ya kadi moja bila kuhama. Ukiweka kadi mbili chini ya vmk moja ili moja ikianguka nyingine ishike, siku ya kuhama MAC itatokea kwenye kadi ambayo daftari halina jina lake, na utakuwa umerudi pale pale. Kwa bahati nzuri iSCSI yenye kufunga porti (yaani kuzifungamanisha vmk na adapta) inataka hivyohivyo: kila vmk iwe na kadi moja tu inayofanya kazi, na nyingine zote ziwekwe Unused, zikiwekwa Standby, ESXi itakataa kuifunga.

Pili, haifai kwa mitandao ya mashine pepe zilizo ndani ya seva za ndani, kwa sababu kila moja ina MAC yake. Huko bado unahitaji Promiscuous mode pamoja na Forged transmits, au uwe na vCenter (programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi) na swichi pepe ya kusambazwa, yaani inayotumiwa na seva nyingi kwa pamoja, toleo 6.6.0 au zaidi, iliyokuja na vSphere 6.7 mwaka 2018, ambayo inaweza kujifunza MAC kama swichi ya chuma. Ukiiwasha kazi hiyo, Promiscuous mode inabaki Reject, ila Forged transmits lazima iwe Accept.

#16 MgeniWaJioni

Samahani kwa kuingilia, wakubwa zangu. Mimi natumia Proxmox, na mwenzangu kazini anatumia Hyper-V, mifumo mingine ya mashine pepe. Je, haya yanatuhusu? Na je, badala ya iSCSI naweza kuifikisha Fibre Channel (mtandao maalumu wa hifadhi) kwenye seva ya ndani?

#17 MwalimuSwichi

Karibu. Kwa Proxmox, daraja la Linux linajifunza MAC lenyewe, kwa hiyo hutakutana na ugonjwa huu, isipokuwa kama umewasha ngome ya moto ya mashine pepe hiyo, kwani ina kichujio cha MAC kitakachokutupia fremu kwa sababu ileile. Kwa Hyper-V, mwenzako aiwashe MacAddressSpoofing kwenye kadi ya mashine pepe hiyo, na uwezo wa prosesa aupitishe kwa ExposeVirtualizationExtensions. Kazi hiyo ya pili ipo tangu Windows Server 2016. Kwa Fibre Channel, njia ya maana ni kuikabidhi mashine pepe kadi nzima ya chuma, na kadi hiyo haitatumiwa na mwingine. Kwa maabara sishauri. Tumia iSCSI, au NFS (inayogawa faili badala ya diski) kama hutaki kabisa habari za IQN.

#18 FundiSeva_Dar

Wakuu, nimerudi na matokeo. Nilizifuta nakala mbili, nikakisafisha kiolezo kama alivyoelekeza KeboNyeusi, nikanakili upya, na vmk1 za seva zote tatu nimezipa MAC za kadi zake. Promiscuous mode ni Reject kwenye mtandao wa hifadhi. Seva zote tatu zimeishika LUN moja kwa wakati mmoja, hakuna inayoitoa nyingine, na nimehamisha mashine pepe ndogo kutoka ya kwanza kwenda ya tatu ikiwa inafanya kazi.

Nimeongeza pia njia ya pili: vmnic2 na vmk2 kwa kila seva ya ndani, zikiwa zimefungwa kwenye adapta ya iSCSI. Sasa LUN inaonyesha njia mbili. Swali langu ni kuhusu ping za mtandao wa mashine pepe, ambako Promiscuous mode bado imewashwa: kila jibu linakuja mara mbili na neno DUP! mbele yake.

#19 MtuWaKilindini

Swichi pepe yako ya nje ya mtandao huo ina kebo mbili kwenda kwenye swichi ya chuma, sivyo? Fremu inatoka kwa kebo ya kwanza, swichi ya chuma inaimwaga, inarudi kwa kebo ya pili, na Promiscuous mode inaipokea kama mgeni mpya. Kwenye seva ya nje endesha esxcli system settings advanced set -o /Net/ReversePathFwdCheckPromisc -i 1, kisha uizime Promiscuous mode na kuiwasha tena, la sivyo badiliko halitashika.

Kuhusu njia mbili za hifadhi, ufurahi kwa kiasi. Ukiwa na kebo moja ya hifadhi kati ya seva ya nje na swichi, njia zako mbili ni mbili kwenye kioo tu. Kebo hiyo ikichomoka zote zinakufa pamoja. Hata hivyo zinafaa kwa kujifunzia. Chomoa vmnic2 kwenye mipangilio ya mashine pepe wakati unanakili faili kubwa, uangalie namna njia inavyohama.

#20 FundiSeva_Dar

DUP! zimeisha, na nimechomoa vmnic2 katikati ya kunakili GB 8: kazi ilisimama sekunde chache, ikaendelea kwa njia ya kwanza.

Jana jioni umeme ulikatika, na uliporudi nikagundua jambo la mwisho. Seva ya nje iliwaka na kuziwasha seva za ndani kabla TrueNAS haijamaliza kuamka, kwa hiyo stoo ya data haikuonekana kwenye hata moja, na ilibidi niingie kila moja na kuendesha esxcli storage core adapter rescan --all. Nilifikiri nitaongeza tu muda wa kusubiri kwenye orodha ya kuwasha mashine pepe zenyewe, lakini muda ule unahesabiwa baada ya mashine kuwashwa na kabla ya inayofuata, kwa hiyo ya kwanza haisubiri kitu. Nimeweka Linux ndogo isiyo na kazi yoyote mwanzo wa orodha, nikaipa sekunde 600, na seva za ndani zinafuata baada yake. Nimelijaribu mara mbili kwa kuchomoa plagi ukutani, na mara zote mbili stoo ya data imeonekana kwenye seva zote tatu bila mimi kugusa kitu.